Buriani ya Mzaha

Kumuaga mtu kwa mzaha ni woga tu, hata kama watani wameruhusiwa kutukanana mpaka makaburini. Sesilia alilijua hilo, na bado alifanya.

Alikuwa muuguzi wa kituo cha wazee kule Mtoni, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Yeye Mhehe, Mzee Albano, aliyepooza upande mmoja, Mngoni. Makabila yao ni watani, kwa hiyo hapakuwa na shikamoo kati yao, ni matusi asubuhi na jioni, na mzee hakukubali kulishwa wala kugeuzwa kitandani na mkono mwingine. Wazee walikuwa arobaini, wauguzi wawili. Kiuno cha Sesilia kilikuwa kimekwisha, na mwanawe alishaanza kumwita jirani mama. Zahanati ya kiwanda cha nguo ilipomwita, kazi ya mchana tu, alikubali kabla hajamaliza kuisoma barua.

Ijumaa, akimlisha mzee uji, akasema, "We Mngoni, leo mwisho. Nimechoka kufua shuka zako. Naenda zangu."

Albano akacheka mpaka uji ukamtoka puani. "Nenda! Mtumwa wangu wewe, utakwenda wapi? Jumatatu uji usiwe na mabonge."

Angeweza kusema, mzee, ni kweli. Badala yake alimfuta kidevu, akacheka naye, akaondoka.

Wiki ya pili mwenzake, Anjelina, akamfuata kiwandani. "Dada, mzee wako hali kitu. Nikimsogelea ananiambia, 'Huyo ananitania tu, anarudi.' Mgongo umeshaanza vidonda. Mie nimfanyeje?"

Jumapili Sesilia akaenda, moyo ukimsuta njia nzima. Alimkuta mzee amebaki mifupa, Anjelina kando yake na bakuli la uji. Mzee alipomwona, macho yalimng'aa, akaanza kutafuta tusi la kumpokelea. Kumjibu kulikuwa rahisi, lakini kungemwongezea siku nyingine za kungoja na njaa.

Akapiga goti. "Shikamoo, mzee. Nimepata kazi kwingine. Sirudi. Nisamehe."

Albano akaliacha tusi lake.

"Marahaba, mwanangu," akasema kwa upole, kama anayemwitikia mgeni. Kisha akageuza uso, akamfungulia Anjelina mdomo.

Sesilia aliendelea kwenda kila Jumapili. Mzee alimpokea kwa adabu, akamuulizia mtoto, akamshukuru kwa machungwa. Mpaka anakufa hakumtukana tena.