Waya wa Pampu

Sikulia. Niliseme hilo mapema, maana watu wa Kimuli wameshalisema kabla yangu. Jumamosi tulipomzika Novatus wenzangu walilia mpaka sauti zikawakauka, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki naangalia viatu vyangu. Sikuwa na uchungu, sikuwa na hofu, sikuwa na njaa. Nilikuwa kama jino lililopigwa ganzi, unajua lipo na hulisikii.

Jina langu Nolasco. Ni fundi wa magari hapa Kimuli mwaka wa kumi na tisa sasa, na Novatus alikuwa mteja wangu kabla hajawa rafiki yangu. Alikuwa na gari dogo jeupe, la zamani kuliko ndoa yake, analipakia ndizi na kahawa kupeleka Murongo, mpakani. Alhamisi akirudi kutoka huko lilimtoka barabarani kwenye mteremko, likagonga ukingo. Halikugonga kwa nguvu. Mlango ukabanwa na udongo, mpira wa petroli ukachomoka, gari likashika moto, naye akiwa ndani.

Kufika Ijumaa asubuhi kijiji kizima kilikuwa na maelezo. Ametoka Murongo, si ndiyo? Murongo kuna waragi ya Uganda. Basi alikuwa amelewa, na dumu la waragi liko kiti cha nyuma, ndiyo maana moto ukawa mkubwa vile. Ebo! Mtu aliyeacha pombe miaka minane! Mkewe, Evangelina, aliapa mpaka akachoka. Mzee Benjamin, mzee wa kanisa, akamwambia kwa upole kabisa kwamba mchungaji hatakuja kuzika mlevi. Watu wa nyumbani wataimba wenyewe, hakuna kengele. Kwa Evangelina hilo lilikuwa kifo cha pili. Watoto wake wangeitwa watoto wa mlevi aliyeungua na gongo yake mpaka wazeeke.

Nami nilikuwa najua kilichomuunguza.

Jumanne ya wiki hiyo gari lilikuwa kwangu. Eaflo yake ilikuwa imekufa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini na kuiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani. Ya aina ile haipatikani tena, si Kayanga, si Bukoba. Novatus akanunua Murongo eaflo ya gari la kisasa, mafundi wa kule wakamcheka, wakamwambia haitaingiliana na kompyuta ya gari zee. Maneno hayo yaliniwasha. Ile ya zamani hewa ikizidi umeme wake unashuka. Hii mpya hewa ikizidi umeme unapanda. Ukiziunga hivihivi kompyuta inapata habari kichwa chini, gari linapanda mlima nayo inadhani limelala. Kwa hiyo nilivunja redio mbovu, nikatengeneza kijisaketi cha kukaa katikati, kama yule dada wa zahanati anayewatafsiria mabibi Kinyambo kwa daktari. Nilikaa nacho siku mbili. Kilikubali. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nasema hivyo hata leo.

Tatizo likaja mwisho. Nikipiga stata injini inawaka, nikiachia ufunguo inazima. Kumbe eaflo ya zamani ilikuwa na kazi ya pili. Ndani yake mna kilango kinachosukumwa na hewa, na kilango hicho kinabonyeza swichi ya pampu ya petroli. Injini ikivuta hewa, pampu inafanya kazi. Injini ikikata roho, pampu nayo inakata. Hii mpya haina kilango. Ilitakiwa nifunge relei, swichi ya umeme inayojikata yenyewe, ifanye kazi ile. Mimi nikachukua waya, nikapiga dairekti kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye pampu, ufunguo ukiwa umewashwa pampu inasukuma tu. Mafundi wote huku tunapiga dairekti. Taa ikisumbua dairekti, feni ikisumbua dairekti. Gari likanguruma vizuri, bodaboda waliokuwa kijiweni wakapiga makofi, na mimi nikatabasamu kama bwana harusi.

Alhamisi injini ilizima pale ukingoni. Pampu haikuzima.

Siku hizo mbili za msiba jembe halikugusa udongo kijijini, na gereji nilifunga kama wengine. Nilikaa nyumbani. Nilikunywa chai ikiwa imepoa, sikuona tofauti. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua, maana waya wenyewe umeungua. Nikisema, nani ataniletea gari tena? Nilipima hayo mawili kama mtu anayepima misumari, bila moyo kudunda.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa kwenye shimo pale migombani, wasifu wa marehemu unasomwa, na mwishoni lazima watu waambiwe amekufa na nini. Theoneste, mdogo wake Novatus, alisoma vizuri mpaka pale. Kisha akasema, "Aliaga dunia Alhamisi kwa ajali. Sababu ya moto... Mungu anajua." Nyuma yangu mtu akaguna. Evangelina alikuwa amekaa kwenye mkeka, akafunika uso kwa kanga.

Nikasimama. "Sababu hata mimi naijua," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza. Eaflo, kilango, relei. Waliniangalia kwa huruma tupu. "Pole, fundi!" akaitikia mama mmoja. "Usijitese hivyo." Mwingine akasema magari ya kompyuta yana shetani wake. Mzee Benjamin akanishika mkono: "Kaa chini, mwanangu. Uchungu unakusemesha."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na ndicho kitu pekee nilichokisikia tangu Alhamisi. "Shikamoo mzee, lakini uchungu sina! Nisikilizeni. Mtu anamwagilia bustani kwa mpira. Anaanguka. Mpira ukiwa na koki ya kujifunga, koki inajifunga, maji yanakoma. Mimi nilitoa koki. Novatus amegonga, injini imekufa, petroli ikaendelea kumwagika juu ya bomba la moshi lenye moto, inamwagika tu. Mpaka tenki likaisha. Kwenye gari hapakuwa na waragi hata tone. Novatus hakulewa. Fundi wake ndiye aliyekuwa mzembe."

Sasa walielewa. Nilijua kwa sababu hakuna aliyesema pole tena, na mama wa kwanza akavuta mtoto wake karibu.

Mzee Benjamin akauachia mkono wangu. Akauliza, "Unaweza kuapa?" Nikaapa. Akavua kofia, akatoka pembeni kupiga simu. Tulingoja na jeneza letu saa nzima chini ya jua, mchungaji akaja na pikipiki, kanzu yake imefungwa kwenye mfuko. Kengele ya kanisa ikapigwa. Novatus akazikwa kama mtu anavyozikwa.

Watu walipohamia kwenye chakula nilibaki pale kaburini, maana sikujua nikakae na nani. Evangelina akanifuata. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige, labda ningesikia kitu.

"Shemeji," akasema, "hiyo relei, kuifunga ingechukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Akaangalia udongo mbichi. "Na yeye alikuwa na haraka? Siku ile. Alikuhimiza umwachie gari?"

Uongo ulikuwa pale mdomoni, mwepesi, na ungemdhuru nani? Nikamwambia, "Hapana. Alikuwa amekaa kwenye tairi anatafuna karanga. Alisema nimalizie vizuri, yeye ana siku nzima."

Evangelina akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua.

"Nilikuwa naomba iwe yeye," akasema. "Angekuwa yeye aliyekuharakisha, ningemkasirikia yeye, na wewe ungebaki shemeji yangu."

Kisha akajifunga kanga vizuri, akaenda kuwamiminia wageni maji ya kunawa.