Mikono Miwili ya Mama Mdogo

Kazi yangu ni kupika uyoga. Ndivyo mama mdogo anavyowaambia majirani, nami nimechoka kumsahihisha. Ukweli ni kwamba tunausaga uyoga wa dawa, tunauloweka pamoja na vimeng'enya mpaka protini zake zikatike vipande vidogo sana viitwavyo peptidi, kisha tunachuja. Tunatarajia vipande hivyo vipunguze kasi ya ngozi kutengeneza rangi nyeusi, bila kuichubua wala kuiunguza. Nimevihangaikia miaka mitatu.

Wenzangu wanadhani ni mapenzi ya sayansi. Sikatai, lakini kilichonifanya nijifunge kibwebwe ni mashavu ya mama mdogo. Yeye ndiye aliyenilea. Nilipoajiriwa mara ya kwanza, katika duka la vipodozi, nilimpelekea krimu ya kung'arisha uso, nikajiona mtoto mwema kweli kweli. Kumbe ilikuwa na zebaki. Alipoacha kuipaka, mashavu yote mawili yalishika mabaka meusi ambayo hayajatoka mpaka leo. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Basi krimu yetu ya uyoga ilipofikia hatua ya kujaribiwa kwa watu, nilimwandikisha wa kwanza. Mkuu wa maabara, tuliyemwita Desimali kwa jinsi anavyoabudu nukta, alikunja uso kusikia ni ndugu yangu, ila watu walikuwa haba. Masharti yalikuwa mepesi: kopo la kifuniko cha buluu kwa mkono wa kulia, la kifuniko cheupe kwa mkono wa kushoto, wiki nane. Moja lilikuwa na peptidi, jingine krimu tupu, na Desimali peke yake ndiye aliyejua lipi ni lipi. Aliyefuata masharti angeingia awamu ya pili, ya kupaka usoni. Hiyo ndiyo niliyoitaka kwa roho yangu yote.

Siku ya kupima, wengi walionyesha tofauti kati ya mkono na mkono. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikaweka kipimo cha rangi ya ngozi kwenye mikono ya mama mdogo, nikarudia, nikarudia tena. Kulia na kushoto sawa, hadi nukta ya mwisho.

"Mama mdogo, ulipaka kila siku?"

"Asubuhi na jioni, kama dozi."

"Buluu kulia, nyeupe kushoto?"

Akatazama dari. "Nilizikoroga pamoja kwenye bakuli."

"Ulizikoroga?"

"Sasa mkono mmoja upate dawa, mwenzake ukodoe macho tu? Si yote ni yangu?"

Desimali alikohoa ili asicheke. Kisha akaniletea fomu ya kumwondoa, akasema kwa upole, "Awamu ya uso hataingia. Wewe ndiye uliyemwandikisha, ijaze wewe."

Alipotoka nilibaki na kalamu mkononi. Ningeweza kuandika kwamba alisahau siku mbili tatu, hilo lilisameheka, na uso wake ungepata nafasi. Desimali alisikia, lakini kinachohesabiwa ni kilichoandikwa kwenye fomu; nani mwingine angejua? Nilikuwa tayari kudanganya, sifichi.

"Andika nilichofanya," mama mdogo akasema.

"Na mashavu yako?"

"Mimi nilishayazoea zamani. Wewe ndiye hujayazoea. Kila ukija nyumbani unayaangalia hayo, mimi huniangalii. Unadhani nimekuja hapa kutafuta weupe? Nimekuja ili hii krimu yako ifanye kazi au isifanye, yaishe, unirudie."

Niliivuta fomu karibu. Nikaandika kwamba alichanganya krimu zote mbili, nikatia sahihi. Kisha nikainua macho nikamtazama usoni, na nikashtuka kuona jinsi alivyozeeka.