Abiria Aliyefika Bila ya Kuondoka

Siku ile mjinga alikuwa Suud, na hilo halina ubishi. Mwenyewe keshalikubali, na mtu akiukubali ujinga wake mapema huwapunguzia watu kazi. Wajinga wengine hudanganywa tu, wakarudi kwao. Suud alisimama foleni ya kudanganywa, na wenzake akawapanga nyuma yake.

Ilikuwa Jumatano, uwanja wa ndege. Suud, fundi wa mafriji, mkaazi wa Mkunazini, Unguja, alikuwa anakwenda Mwanza kumuozesha Riyama, dada yake wa baba mmoja. Baba yao alikuwa na duka kule, na mke wa pili kule kule. Alipofariki, hakubaki mwanamme katika ukoo wa kusimama walii ila Suud. Nikaha ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri.

"Kaka, usiniletee habari za kumpa shekhe uwakili kwa simu," Riyama alikuwa keshamwambia. "Wakwe zangu washaanza kuuliza kama nilizaliwa au niliokotwa. Nataka wakuone una miguu."

Na miguu hiyo Suud aliikatia tiketi ya Chiriku, shirika jipya lenye ndege moja na matangazo mengi, kwa nusu ya bei ya wengine. Wiki nzima alizunguka mtaani akiwahurumia wanaolipa bei kamili. "Mbingu ni hiyo hiyo moja," akiwaambia. "Nyie mwalipia juisi."

Pale uwanjani wakaambiwa ndege imechelewa kidogo. Kidogo kile kikazaa kidogo chengine, na cha pili kikawa kikubwa kuliko mama yake. Ndipo akatokea msichana wa Chiriku na mashine mkononi. Akawaomba abiria, kwa adabu kabisa, wakubali kadi zao za kupandia zigongwe pale pale, ili ndege ikitua wapande moja kwa moja.

Watu wakasita. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akauliza, "Tugongwe tumepanda, na ndege yenyewe iko wapi?"

Suud akainuka. "Mzee wangu, wenyewe wana utaratibu wao. Sisi ndio tunaochelewesha mambo." Akawapanga, wanaume huku, wanawake huku, kama yuko maulidini, na yeye akawa wa mwanzo. Mashine ikalia tii. "Mwasikia? Mie nshapanda!" Watu wakacheka, wakamfuata.

Jua lilipoanza kuinama, kipaza sauti kikatangaza kuwa safari imevunjwa. Papo hapo kila simu ikapokea ujumbe: Ahsante kwa kusafiri na Chiriku, tunatumai umeifurahia safari yako. Yule mzee akamtazama Suud kutoka kichwani mpaka miguuni. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Boti ya mwisho ya kwenda Dar ilikuwa imeshaondoka, na mabasi ya Mwanza huondoka Dar alfajiri. Hapakuwa na njia ila kurudi nyumbani, na kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa na mtihani. Mkunazini mtu hasafiri kimya kimya. Asubuhi ile Suud alikuwa keshaaga nyumba kwa nyumba, keshatakana radhi na watu ambao hajapata kugombana nao, na Sheha Tahir, kiongozi wa mtaa, kamuombea dua barazani, watu wakaitikia amina kwa sauti moja. Kila jirani kamtwika kifurushi: halwa ya huyu, ubani wa yule. Mtu aliyeagwa hivyo hawezi kutokeza magharibi na halwa ile ile. Ni kama posa iliyorudishwa.

Basi akapita vichochoro vya nyuma, sanduku begani. Na kichochoro cha nyuma ndimo alimokaa Bi Shadya, aliyempa pweza mkavu ampelekee mwanawe, na akamwagiza sato wa ziwani.

"Suud! Usharudi?"

"Shikamoo, Bi Shadya."

"Marahaba. Habari za Mwanza?"

"Nzuri."

Hapa tusimlaumu sana. Mtu wa Unguja muulize habari ya mguu wake, na mguu unachuruzika damu, atakwambia njema, halafu ndio aombe kitambaa. Neno lilimtoka lenyewe, kama kupiga chafya. Suud akafungua mdomo alitie kiraka, lakini Bi Shadya hakuwa na nafasi ya kusubiri viraka.

"Alhamdulillahi. Na sato wangu?"

"Sato sikumpata, Bi Shadya, maana hasa ni kwamba..."

"Hukumpata sato! Mwanza! Basi weye ukenda Makka utarudi useme msikiti hukuuona."

Kufika Isha, mtaa mzima ulikuwa na habari kuwa Suud kaenda Mwanza na kurudi siku moja, na sato wa Bi Shadya kamla njiani.

Alkhamisi asubuhi Suud akenda Darajani, kwenye ofisi ya Chiriku. Kulikuwa na shirika jengine lenye ndege ya Mwanza Ijumaa alfajiri, na binti wa pale alikubali kumwekea kiti mpaka Alasiri. Kilichokosekana ni nauli tu, na nauli ilikuwa tumboni mwa Chiriku. Dirishani alikaa kijana mpole aitwaye Jamil, aliyevaa tai fupi na tabasamu refu.

"Ndugu Suud," akasema, baada ya kubofya bofya, "mfumo unaonesha umesafiri."

"Nani?"

"Weye. Kumi na mbili A, dirishani. Kiti kizuri hicho."

"Ndege haikuja!"

"Haikuja, kweli," Jamil akakubali bila ya taabu. "Lakini weye ulipanda."

"Nilipanda nini?"

"Hilo mfumo hausemi."

Suud akashusha pumzi, akajaribu mlango mwengine. "Basi nauli wachilieni mbali. Nipelekeni Mwanza kesho."

"Kukupeleka Mwanza siwezi, kaka, ushafika. Naweza kukuuzia ya kurudia."

"Nirudi kutoka wapi? Sasa hivi unazungumza na nani?"

"Mie nakuona, sikatai." Jamil akainamisha kichwa, akasema kwa huruma ya kweli, "Ila macho yangu hayakuungwa na mfumo. Niletee barua ya sheha wako, athibitishe kuwa tokea jana uko Unguja. Tukiipata barua, leo leo nauli yako utaipata."

Suud akatoka mbio. Sheha Tahir alikuwa barazani kwake, muhuri uko mapajani, kwa kuwa hapendi kuuweka mbali.

"Barua ya kuwa upo?" akauliza.

"Ndio, Sheha. Kwamba nipo tu. Mistari miwili inatosha."

"Jana nilikuombea dua ufike salama."

"Naam."

"Watu wakaitikia amina."

"Naam, Sheha."

"Leo nitie muhuri kuwa hukufika? Mwakani nani atakaa mbele yangu nimuombee? Mahujaji wa mtaa huu wote hupita katika mikono hii."

"Dua haina kosa, Sheha. Ndege ndiyo haikuja!"

"Na Bi Shadya je? Kakuuliza habari za Mwanza, ukamjibu nzuri. Ulimjibu, hukumjibu?"

"Nilimjibu, lakini ile ni salamu tu!"

"Hukumwambia sijui, sijakwenda."

"Nani hujibu salamu hivyo?"

"Ndio na mie nasema," Sheha akamalizia, akaufunika muhuri kwa kiganja. "Mtu asiyekwenda Mwanza atajuaje kuwa habari zake ni nzuri? Halafu, Suud, mtu mzima kumla samaki wa jirani ni aibu. Mlipe."

Suud alipogeuka, simu ikalia. Riyama.

"Kaka, uko wapi?"

Kwa mara ya kwanza katika uhai wake swali hilo likamshinda. "Inategemea unamuuliza nani," akasema.

"Usinifanyie mzaha leo!" Riyama akalia. "Mama mkwe keshasema, kesho usipotokea, watamwendea kadhi aniozeshe kama mtu asiye na kwao. Kasema mbele ya wanawake wote, Kaka. Wakacheka."

Simu ikakatika. Kuchekwa yeye kulikuwa hakumuumizi, keshazoea tokea utotoni. Lakini kile kicheko cha Mwanza kilikuwa kimemwangukia Riyama.

Akarudi nyumbani na kumwambia mama yake yote, hata la sato. Bi Salhiya alikuwa anachambua choroko. Yeye na yule mke mwenzake wa Mwanza hawakuwahi kupeana hata salamu, na mpaka leo humwita "yule wa ziwani." Lakini binti wa yule wa ziwani humpigia simu kila Idi, kabla hajampigia mtu mwengine yeyote, na Bi Salhiya hakuwahi kulisahau hilo.

Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu. "Huyo kijana anasema wamekupeleka. Anasema mbele za watu?"

"Anasema, Mama. Tena anacheka."

"Nipe buibui langu."

Ofisi ya Chiriku waliikuta imejaa wale wale wa jana, kila mmoja kaambiwa yuko Mwanza. Mzee wa kofia ya kiua naye alikuwepo, kakaa pembeni kama mtu aliyekwisha kujua dunia ilivyo. Bi Salhiya akapishwa mpaka dirishani.

"Shikamoo, Bibi," Jamil akasema.

"Marahaba, baba. Hujambo? Mie mama yake Suud."

"Sijambo, Bibi. Habari yake naijua, na wallahi namuonea huruma. Lakini mfumo..."

"Wacha mfumo, baba. Nakuuliza weye. Mwanangu mlimpandisha?"

Jamil akaitazama kompyuta, ikampa moyo. "Tulimpandisha, Bibi. Kumi na mbili A."

"Mkampeleka?"

"Hivyo ndivyo inavyosoma hapa. Tulimpeleka."

Bi Salhiya akawageukia abiria. "Mumesikia, jamani?"

"Tumesikia," wakaitikia. Mzee wa kofia akaitikia mara mbili.

"Mama, mie si huyu hapa," Suud akaanza.

"Nyamaza. Weye uko safarini. Mpigie dada yako, utie sauti kubwa."

Simu ikaita, Riyama akapokea kwa pupa.

"Riyama, mwanangu," Bi Salhiya akasema, "kaka yako kafika huko?"

"Hajafika, Mama! Jana tulimngoja uwanjani mpaka taa zikazimwa. Hakushuka mtu."

"Haya, usilie, mwanangu. Kaa na subira."

Akaikata simu mwenyewe, kwa kidole kimoja, taratibu. Ofisi nzima ikamgeukia Jamil. Karibu na mlango mtu mmoja alikwisha kusema inna lillahi kabla ya kukumbuka kuwa marehemu kasimama mbele yake.

Tabasamu la Jamil likawa fupi kuliko tai. "Lakini Bibi, huyo si mwanao? Si huyo hapo kasimama?"

"Nani? Hebu tazama hapo kwenye mfumo wako kama pana mtu."

Jamil hakutazama. Mkono wake ulikuwa ushafika kwenye ufunguo wa droo ya pesa, ukasita hapo. "Sawa, Bibi, hapana haja ya kufika mbali. Tumekubali, nauli yake tutairejesha. Lakini bila ya barua ya sheha, kwa utaratibu wetu, itachukua siku thelathini."

"Nauli iwekeni hizo siku thelathini, baba, hata na sitini," Bi Salhiya akasema, akavuta kiti, akakaa. "Lakini mwanangu kapanda kwenu na hakushuka popote, na maiti wa Kiislamu hangojeshwi, nipeni wangu nikamzike kabla ya Alasiri."