Mashine ya Mahari

Siku ya hamsini na tisa ya eda, Mwahija alikuwa amefungiwa chumbani kwake, mtaa wa Kambarage, Shinyanga, akisikiliza mashine yake ikiuawa uani.

Ilikuwa mashine ya mkono ya kusagia, ya chuma, iliyobanwa kwenye ukingo wa meza. Wasichana wenzake waliolewa kwa mikufu ya dhahabu ya Geita. Yeye alipoulizwa mahari yake, alijibu, "Mashine ya kusagia." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kwa miaka kumi na mmoja alisaga chumvi, akaifunga kwenye karatasi za gazeti, na wachimbaji wa Geita wakaila, huku mikufu ya wenzake ikiishia kwa sonara. Wacheke sasa, tuwasikie.

Mumewe, Fikirini, alipofariki, mdogo wake Nassibu alijitwalia mashine akisema anamsaidia mjane. Mtu anayekusaidia bila kuombwa, mwogope.

Kwa Nassibu chumvi ilikuwa chumvi. Mwahija aliichagua kwa kiganja. Ya bondeni aliikataa, kwa kuwa mchanga wake hula meno ya mashine. Ile laini ya dukani haikuwa na cha kusagwa. Ya pwani ilifaa kwenye samaki, ila ilikuwa na maji; ukiifumbata, mkono unatoka umelowa. Aliyoitaka ni ya Uvinza, chembe kavu na ngumu ambazo ukizimwaga kwenye sinia zinalia. Nassibu alileta magunia sita ya pwani, mabichi, kwa kuwa ndiyo aliyoyaona kwanza.

"Shangazi, mwambie shemeji aache," Mwahija alisema. "Chumvi ile inatoa maji. Itaozesha chuma."

Bi Chiku, shangazi wa marehemu Fikirini, alikuwa kwenye mkeka wake kizingitini akishona kofia. Yeye ndiye aliyemlinda Mwahija edani.

"Nilimwambia jana, mwanangu. Anasema maneno ya mjane yasubiri eda iishe."

"Eda ikiisha, mashine nayo itakuwa imekwisha."

"Subiri. Zimebaki siku sabini na moja tu."

Tu! Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Katika ukoo wa Fikirini mjane haonwi na mwanamume wa kando, hata shemeji yake, hata uani kwake. Mwahija aliyajua matundu yote ya bati la juu. Alitamani kupiga kelele, akauma ncha ya kaniki yake.

Adhuhuri alifika Jilala, Msukuma aliyekuwa akipeleka vifurushi Geita.

"Mhola, Nassibu? Mwahija yuko wapi? Chumvi yenu imelowesha karatasi yote. Nimefika machimboni nimebeba uji! Wachimbaji wamenitukania mpaka mama yangu."

"Si chumvi, ndugu yangu. Ni mashine ya marehemu, imechakaa. Jioni hii naipeleka kwa wauza vyuma vikuukuu."

Ya marehemu! Mwahija alisikia damu ikimpanda kichwani. Mahari yake ilikuwa imegeuzwa mirathi, naye yuko hai, hatua kumi kutoka hapo. Akajitanda, akasimama.

"Unakwenda wapi? Eda, mwanangu!"

"Nakwenda uani kwangu, shangazi."

Akamruka Bi Chiku pamoja na kofia yake. Wanaume wawili walipomwona mjane juani walitaharuki, wakageukia ukuta upesi na kuziba macho kwa viganja. Adabu ni adabu. Wakiwa hivyo, Mwahija alifungua parafujo pole pole, kwa kuwa ilikuwa imeshika kutu.

"Shemeji," Nassibu aliuliza ukuta, "unafanya nini?"

"Nachukua mahari yangu."

Aliikumbatia mashine kifuani, maji ya chumvi yakimtiririkia mikononi, akarudi chumbani mwenyewe na kuufunga mlango. Nassibu akamfuata mbio, akamkuta Bi Chiku ameusogeza mkeka wake katikati ya mlango.

"Shangazi, nipishe. Nataka mashine."

"Ingia, baba. Ingia, Jilala akaisimulie Geita nzima kwamba umemwingilia mjane wa kaka yako akiwa edani." Akatunga uzi kwenye sindano. "Na mimi nilikuwapo arusini. Mahari ile niliisikia kwa masikio yangu."

Nassibu alirudi mikono mitupu, akaenda kukaa juu ya magunia yake.

Ndani, Mwahija aliifuta mashine kwa mafuta ya pamba. Kutu ilikuwa imeshakula meno mawili. Chumba kilikuwa kilekile, na siku zilikuwa sabini na moja zilezile. Akalia kwa sauti, uani wote wakamsikia, na safari hii hakuna aliyemwambia asubiri.