Nguo Sita Juani

Nakutegea, na usikimbilie kujibu kama kuku aliyeona punje. Mgeni wangu hajafika, mguu wake haujakanyaga sakafu, wala hajui kuvaa, lakini nyumba nzima inahangaika kumtafutia nguo. Ni nani? Umeshindwa? Nipe mji basi. Nimeupokea, nimeutawala, na jibu nakupa: ni mtoto aliye tumboni. Na huyu ninayemsema asubuhi hiyo alikuwa na miezi minane, amefichwa chini ya koti la kiume, kwenye foleni ya maji ya nyumba yenye vyumba kumi na bomba moja.

Mama yake alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Siku hiyo aliomba ruhusa, ile ruhusa isiyo na malipo, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na maji yalikuwa yakitoka Jumanne na Ijumaa tu, saa moja mpaka saa tatu, kila chumba ndoo nne. Koti lilikuwa la mumewe, fundi uashi, na mikononi lilikuwa na saruji iliyokauka ikawa ngumu kama magamba. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini kifungo hata kimoja hakukifungua.

Msimamizi wa nyumba alikuwa akipita na daftari, kalamu sikioni. Kila chumba alikiuliza swali lile lile. Mwenye nyumba, ambaye hakuna mpangaji aliyewahi kumwona sura, alikuwa na sheria yake: chumba kimoja, watu wawili. Wa tatu akionekana, mwisho wa mwezi mnahama. Watu wa chumba cha pili walipata mtoto mwezi wa tatu, na mwezi wa nne kitanda chao kilikuwa juu ya mkokoteni, miguu juu. Ndiyo maana fundi uashi na mkewe walikubaliana kukaa kimya mpaka jengo lile analolijenga liishe, miezi miwili hivi, wapate pa kuhamia bila kufukuzwa.

"Chumba cha sita," msimamizi akasema. "Mko wangapi?"

Mpiga pasi alifungua mdomo. Hapo hapo bomba likakohoa, maji yakawa uzi, na foleni nzima ikasogea mbele kwa pupa, ndoo zikagongana, moja ikapinduka. Msimamizi aliruka viatu vyake visilowe, akasema atapita tena mchana, akaenda zake. Swali lilibaki palepale, halijajibiwa.

Saa tatu mama mkwe alifika kwa miguu kutoka mtaa wa tatu, anakouza mboga. Ni mama wa watoto saba, na fundi uashi ndiye wa nne. Walikuwa wamepanga kwenda kuchagua nguo za mtoto. Kapuni alikuwa na kitu amekifunga kwa shuka, na alipokifungua pale chumbani, mkwewe alicheka mpaka akakaa kitandani. Kilikuwa kimtu. Kiwiliwili ni pakiti ya unga, kichwa ni kabichi changa, mikono ni karoti mbili, vyote vimekazwa kwa kamba.

Mama mkwe hakucheka. Alieleza kwamba watu hununua nguo kwa macho, halafu mtoto huja kuvaa kwa mwili. Yeye hanunui nguo ambayo huyu hajaijaribu. Alikinyanyua kimtu, akakipima kwa mkono, akakunja uso. Pakiti ilikuwa ile ile, na picha ile ile, bei imepanda na unga umepungua.

"Hata unga siku hizi unazaliwa njiti," akasema, akakirudisha kapuni.

Sokoni walikwenda kwa muuza mitumba mmoja aliyeitwa Sipunguzi, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja, hata kabla ya salamu. Nguo za watoto zilikuwa zimerundikwa juu ya turubai hadi usawa wa goti. Mpiga pasi aliinama, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gauni la njano lenye lesi shingoni na vifungo vitano mgongoni. Alilishika kama mtu anayeshika kifaranga. Sipunguzi naye alikwisha kumnyooshea suruali ya jinzi ndefu kama kiganja, na viatu vyekundu vyenye kamba.

Mama mkwe aliichukua suruali, akaigeuza, akahesabu mifuko.

"Minne. Anakuja na kitambulisho?" Viatu hata hakuvishika. "Na hivi ni vya kusimamia foleni ya maji?"

Sipunguzi alisema huo ndio mtindo, mama, watoto wa sasa si wa zamani. Mama mkwe alimjibu kuwa mtoto wa miezi mitatu, wa sasa na wa zamani, ana kazi tatu tu: kunyonya, kuchafua na kulala chali. Kisha akakilaza kimtu juu ya rundo, akamwambia mkwewe akivalishe lile gauni la njano. Kwa mkono mmoja. Na afumbe macho.

"Mama, kwa nini nifumbe?"

"Kwa sababu umeme hukatika bila kukuomba ruhusa, na mkono wa pili utakuwa umemshika asianguke."

Alijaribu. Kabichi ilikwama shingoni, na alipofika kwenye vifungo kimtu kilikuwa kimegeuka kifudifudi na pakiti imeanza kutoa unga pembeni. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama, mmoja wao naye mjamzito. Alipofumbua macho, mama mkwe alimwonyesha mgongo wa gauni. Mpiga pasi aliipitisha ile lesi juu ya mdomo wake, kama afanyavyo kazini akitaka kujua kitambaa kitavumilia joto gani. Ilikwaruza. Akavibonyeza vile vifungo, akafikiria mtoto amelala juu yake kutwa kama mtu aliyelala juu ya kokoto. Akalirudisha mwenyewe, taratibu, akalikunja vizuri.

Baada ya hapo mchezo ulinoga. Nguo iliyofungukia mgongoni, ilirudi. Iliyovaliwa kupitia kichwani na shingo haivutiki, ilirudi. Sweta la manyoya lilirudi kwa sababu lingejaza kinywa cha mtoto nyuzi. Ilipofika zamu ya fulana moja ya bluu yenye mikono ya kubana, mama mkwe alivuta, akavuta, ikasikika kah. Karoti ilikuwa imekatika.

Wote walikiinamia kimtu. Sipunguzi akavua kofia.

"Amevunjika mkono," akasema kwa sauti ya msibani, na hapo hata mama mkwe alishindwa kujizuia. Walicheka mpaka yule mjamzito mwingine akaomba kiti.

Zilizopita mtihani zilikuwa sita. Zote za pamba nyepesi iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ikalainika, zinazofunguka mbele toka shingoni hadi mguuni kwa vishikizo vya kubana, mikono mipana, na ukubwa wa mtoto wa miezi sita, kwa kuwa mtoto hukua lakini nguo haikui. Mpiga pasi alizigeuza ndani nje moja moja, akakagua mishono, akakataa moja yenye uzi wa nailoni pindoni, akatafuta nyingine. Mama mkwe alimtazama akifanya kazi hiyo, akaridhika.

Hesabu ya sita ilikuwa ya mama mkwe. Jumanne mpaka Ijumaa ni siku tatu bila maji, na mtoto mwenye adabu huchafua nguo mbili kwa siku. Mkwewe aliuliza, je, Ijumaa mpaka Jumanne, ambazo ni siku nne?

"Ya nne atavaa blanketi, na asilalamike."

Sipunguzi alipunguza. Alisema hajapunguza, amewarudishia tu pesa za njiani, lakini alipunguza, na yule mjamzito mwingine akaomba kuazima kimtu.

Saa saba walikuwa wamerudi. Walizichemsha nguo kwenye sufuria kubwa, wakazifua, wakazisuuza mara mbili. Ndoo mbili kati ya nne zikaisha. Mama mkwe alikuwa akifuta sakafu alipomwona mkwewe amepanda juu ya kigoda, anafunga uzi toka msumari wa dirishani mpaka msumari wa mlangoni, juu ya kitanda.

"Mbona ndani, na jua lote lile liko nje?"

Ndipo akamweleza. Sheria ya watu wawili, chumba cha pili, mkokoteni, daftari, miezi miwili ya kukaa kimya. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Lile koti alikuwa akidhani ni baridi ya mimba.

"Na akizaliwa," akauliza, "kilio chake nacho mtakivika koti?"

Mpiga pasi aliacha kufunga uzi. Alibaki juu ya kigoda, kiganja chake ukutani, na ukuta ulikuwa na unyevu. Kwenye kona palikuwa na doa la kijani ambalo kila mwezi hulifuta, na kila mwezi hurudi. Alijua mambo haya kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Miaka sita ameinamia pasi, na huitambua nguo iliyokauka ndani kabla hajaigusa, kwa harufu tu. Wateja humwambia aipige pasi, itakauka. Yeye huwajibu kwamba pasi hukausha uso wa nguo, pindo hubaki na maji, na ndani ya maji yale ndimo ukungu unapozaliwa. Nguo za watu huzirudisha zikafuliwe upya. Leo ni za mwanawe, zitakazolala juu ya kifua kisichozidi kiganja.

Mama mkwe hakumsukuma. Alisema chumba ni chao, yeye kwake ni mtaa wa tatu, na mtu akifukuzwa, wa kubeba kitanda si yeye.

Mpiga pasi alimpigia mumewe simu, akamwambia anataka kuzianika nguo nje. Alisikia koleo likikwaruza zege, halafu mumewe akaomba arudie. Alirudia. Koleo likawekwa chini.

"Kwenye nguo mjuzi ni wewe," fundi uashi akasema mwishowe. "Mimi nitafuata."

Alishuka kwenye kigoda. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akachukua beseni, akatoka uani na gauni lake jepesi, tumbo likitangulia.

Mshona viatu wa chumba cha nne alikuwa amekaa kivulini na sindano mdomoni. Alitazama, akainuka, akazisogeza suruali zake mbili kwenye waya mpaka pakapatikana nafasi. Mke wake akaleta vibanio.

"Tulidhani utajifungulia humo humo kotini," mke akamwambia, na wakacheka kidogo kidogo, kwa tahadhari.

Moja, mbili, tatu. Alizining'iniza kwa pindo la chini, mikono ikielekea ardhini, ili vishikizo visivute kitambaa. Ya nne, ya tano. Upepo mdogo ulizijaza, zikawa kama watoto watano wananing'inia kwa miguu na kufurahi. Jua lilimpiga shingoni na kwenye mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakusikia joto.

Msimamizi aliingia getini akiwa na daftari lake. Alisimama mbele ya waya. Aliangalia nguo, akaangalia tumbo, akaitoa kalamu sikioni, kisha akasogea karibu na kushusha sauti, kama mtu anayetaka kusaidia. Alisema anaelewa, na yeye ni baba. Mwenye nyumba hasomi uani, husoma daftari tu. Na daftarini yeye anaweza kuandika wawili mwezi huu, na mwezi ujao, na ule mwingine, ilimradi kila mwezi wasimsahau.

"Kwa hiyo nakuuliza tena, chumba cha sita," akasema, ncha ya kalamu juu ya karatasi. "Mko wangapi?"

Mshona viatu aliacha kushona. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sakafu mkononi. Mpiga pasi alichukua nguo ya sita kutoka beseni, akaikung'uta, akaitundika mwisho wa waya, akabana kibanio cha kwanza na cha pili.

"Watatu," akasema. "Na uandike kwa maneno. Namba ni rahisi kugeuzwa."