Bilinganya ya Mwenye Bucha

Binti wa mwenye bucha hakuwa akila nyama. Jambo hilo peke yake lilitosha kuuchekesha mtaa mzima, na mtaa ulicheka bila haya. Walimbandika jina la Majani, likamganda mpaka hata shangazi yake akasahau kumwita vingine. Akipita na kikapu cha mboga, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alimwonya asimsogelee sana babake akiwa na kisu, asije akamchanganya na mbuzi. Majani alicheka pamoja nao, akaendelea na safari yake. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alikuwa mtu wa kutazama.

Wala hakukuwa na kisa kikubwa. Alikulia mle mle buchani, kati ya kulabu na gogo la kukatia, akisugua sakafu kwa brashi na maji ya moto. Siku moja, bado msichana mdogo, aliisogeza nyama pembeni ya sahani. Kesho yake akaisogeza tena. Ikawa basi. Kazi ya nyama aliipenda: alipenda ikatwe vizuri, ifungwe vizuri, mteja aondoke roho yake nyeupe. Kuila tu ndiko hakutaka. Babake alisema ni utoto, utakwisha. Haukwisha.

Kilichomfanya mzee aanze kumtazama binti yake kwa jicho jingine ni mikono. Mikono ya mtu wa bucha haina raha: chumvi, barafu, maji baridi, sabuni kali, kutwa kucha. Ya mzee ilikuwa imepasuka kwenye viungo vya vidole mpaka inatoa damu, naye akawa anaipaka mafuta ya mkia wa kondoo kama alivyofanya marehemu babake, akinuka tangu anapoamka hadi anapolala. Majani alikuwa na mafuta yake mwenyewe, aliyoyapika uani: mafuta ya nazi yaliyochemka polepole na karoti iliyokunwa na majani ya mwarobaini, yakachujwa kwa kitambaa. Ngozi yake iling'aa hata shangazi, mwenye meza iliyojaa vikopo vya dukani, alikuwa akimtupia jicho la wizi. Basi Majani akamwekea babake kikopo kando ya kitanda. Mzee akakipuuza. Kisha asubuhi moja akaonekana akikikwangua kwa kidole kutafuta kilichobaki, akauliza, huku anaangalia ukuta, kama yale mafuta ya kachumbari yamekwisha kabisa.

Ndiyo maana mguu wa mzee ulipovimba, wa kwanza kuitwa alikuwa Majani. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kinawaka, hata shuka likikigusa mzee anauma meno. Daktari alisema ni jongo. Alitoa vidonge, akatoa na amri: nyama nyekundu aiache, maini na figo asiyasogelee. Mwenye bucha alitoka kwa daktari kama mtu aliyehukumiwa.

Majani akalishika jiko la nyumbani. Siku hii dengu, siku ile boga na mboga za majani zilizokaangwa juu juu zisipoteze rangi, siku nyingine viazi na karanga za kusaga. Mzee alilalamika tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, halafu akasukuma sahani mbele aongezewe. Vidonge vikafanya yao, chakula kikafanya yake, uvimbe ukashuka. Siku mguu ulipoingia kwenye kiatu, alitembea kutoka mlangoni hadi getini na kurudi, akajifanya kuna kitu alikuwa anakitafuta.

Lakini mguu ulikuwa nusu ya mambo. Nusu nyingine ilikuwa pale buchani.

Mwenye bucha alikuwa na desturi yake, ya kwake peke yake. Kila asubuhi, kabla ya kumuuzia mtu yeyote, alikata kipande kwenye nyama mpya, akakichoma kwenye jiko la mkaa lililokaa mlangoni, akakila mbele ya waliosimama. Hakuna aliyemwomba. Kilikuwa kiapo chake kisicho na maneno. Watu waliangalia koo lake, na akishameza ndipo wanaanza kutaja wanachotaka.

Sasa hakuweza kumeza. Mara ya kwanza alisema jino linamsumbua. Mara ya pili akasema ameshakula nyumbani. Mtaa si mjinga. Fundi cherehani akauliza kwa sauti ya kutosha kuvuka barabara, mwenyewe haionji, sisi tuile kwa ujasiri gani? Wateja wakaanza kuigeuza geuza nyama. Mpishi wa hoteli, ambaye peke yake alikuwa akibeba mzigo kuliko majirani wote pamoja, akaanza kuchukua kidogo na kuulizia bucha ya upande wa pili. Akiondoka yule, kila mtu alijua, milango itafungwa, na jina ambalo mzee alilijenga kwa kisu chake litafungwa nayo.

Shangazi, dada wa mzee, ndiye aliyekaa kwenye kaunta. Alimvuta Majani nyuma, kwenye ndoo za maji, akamwambia aonje yeye.

"Kipande kama ukucha, mwanangu. Hutakufa. Babako amekulisha kwa nyama hii hii."

Ilimuuma Majani, kwa sababu ilikuwa kweli. Akasema babake angemwomba damu angempa, lakini akila mbele za watu kitu asichokila nyumbani, atakuwa anawadanganya, na meza ile haikuwahi kusimama kwa uongo. Shangazi akashika kiuno. Akamwambia haya, mwenye dini yako ya mchicha, basi tengeneza kitu chako kifanane na nyama, mzee akile, tupumue.

Huo nao ulikuwa uongo, na Majani alitaka kusema hivyo. Ila babake alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, amesikia yote. Hakuagiza wala hakukataza. Aliangalia kiatu chake tu. Hapo Majani alishindwa.

Akachagua bilinganya nono, akaimenya, akaikata vipande vya unene wa mnofu, akaitia chumvi na kuikandamiza chini ya jiwe mpaka ikatoa maji yake yote. Usiku kucha ililala kwenye ukwaju, tangawizi na vitunguu saumu. Asubuhi akaipaka mafuta, akaiweka juu ya mkaa. Na kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa hilo: mkono wake haukujua kupika ovyo, hata kwa jambo asilolipenda. Aliipika vizuri kupita kiasi.

Ikakauka pembeni, ikadondosha mafuta, ikafuka moshi. Waliosimama wakavuta pua. Mzee akachukua kipande, akatafuna, akameza. Ungesikia mtaa mzima ukishusha pumzi. Shangazi akaanza kufungua droo ya chenji. Ndipo mpishi wa hoteli, aliyekuwa karibu na jiko kuliko wote, akanyoosha mkono akachukua kipande cha pili.

"Ruhusa, mzee. Hii leo inanukia kuliko siku zote."

Akatafuna. Akaacha kutafuna kidogo. Akaendelea, macho yamefumbwa nusu. Akameza, akalamba kidole.

"Laini hivi? Hii ni sehemu gani ya ng'ombe?"

Shangazi akafungua mdomo aseme sarara, mnofu laini wa mgongoni; Majani aliliona neno likija. Mzee alikuwa ameshika kisu, hakikati. Majani akaona babake anaangalia tena kiatu chake, na hajawahi kumwona akimkwepa mteja macho.

"Si ng'ombe, mjomba," akasema. "Ni bilinganya. Nimeipika mimi. Baba amekatazwa nyama na daktari."

Kicheko kilianzia kwa fundi cherehani, kikasambaa. Mmoja akasema kumbe bucha imegeuka genge la mboga. Mwingine akauliza kama na ng'ombe wenyewe wanavunwa shambani. Lakini mpishi hakucheka. Alimtazama mzee, akataka kujua kwa nini alifichwa, na kama kimefichwa hicho, ni nini kingine kimefichwa mle ndani.

Mwenye bucha akaweka kisu juu ya gogo. Akatoka nyuma ya meza, akavua kiatu mbele ya watu wote, akaweka mguu juu ya kigoda.

"Kilichofichwa ni hiki," akasema. "Nina jongo. Niliona aibu, mwenye bucha asiyekula nyama. Nyama yangu haijabadilika, tumbo langu ndilo limebadilika. Huyu binti mmemcheka miaka yote, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Mguu huu usingeingia kwenye kiatu kama si sufuria yake. Na mmemsikia sasa hivi. Angeweza kunyamaza, mimi nikabaki na heshima yangu ya uongo. Bucha ambayo mtu kama huyu ndiye anayefunga nyama yenu, mnataka kiapo gani tena?"

Hakungoja jibu. Alivaa kiatu, akarudi, akakata kipande kwenye paja lililoning'inia, kipande cha nyama kweli, akakitupia mkaani. Kilipoiva akamwelekezea mpishi uma.

"Kuanzia leo, wa kwanza kufika ndiye anayeonja. Wewe ndiye unayenunua. Onja."

Mpishi alionja. Alitafuna taratibu, kwa uso wa kazi, jinsi mtu anavyotafuna kitu atakachokiuza kwa jina lake. Wote wakaangalia koo lake. Akameza, akasema apimiwe mzigo wake kamili, wa zamani, na mbavu juu yake. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, akamuuliza Majani ile bilinganya ililala kwenye nini.

"Atakueleza kazi ikiisha," mzee akadakia, huku anapanga mawe ya mizani. "Sasa hivi yuko kazini."

Majani akageukia karatasi za kufungia ili watu wasimwone uso. Alikuwa anatabasamu hadi mashavu yanamuuma, na foleni ilikuwa imeanza kusukumana.

Mchana, bucha ilipopoa, mzee hakwenda stoo kula kama alivyokuwa akijificha siku zile. Alivuta kigoda hadi mlangoni kabisa, barabara nzima ikimwona, akaweka sahani ya dengu na boga kwenye magoti. Fundi cherehani akamuuliza kutoka ng'ambo leo anakula nini.

"Chakula cha binti yangu," akasema.

Akapita mwenye baiskeli. Yeye hakuuliza kitu. Mzee akamwinulia kijiko, akampa naye jibu lile lile.