Mpaka Wapelelezi Waende Chai

Kila asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, huwa ninafuta santuri ya majaribio, nakala ya kwanza kutoka kiwandani, kwa kitambaa laini, ninashusha sindano, kisha ninakaa kusikiliza upande mzima. Kampuni yetu ndogo inachapa upya albamu za zamani za afrobiti, na kazi yangu ni kutafuta mikwaruzo. Asubuhi moja besi ndiyo kwanza imeshika mwendo, gitaa linanong'ona pembeni, bosi akaingia na kunyanyua sindano.

"Inatosha," alisema. "Nani siku hizi anasubiri nusu upande ndipo mtu aanze kuimba? Tunakata huo mwanzo. Kiwandani wanataka jibu leo."

Nikasema, "Sawa, bosi," huku moyo ukikataa. Ndivyo nilivyo. Maneno yangu mazuri hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani, ninaosha vyombo.

Baadaye alikuja mpiga ngoma wa bendi iliyorekodi albamu hiyo, tuliyekuwa tumemwalika aje kusikiliza. Ndiye pekee aliyebaki hai. Wenzake walimwita Injini. Shati lake lilikuwa limenyooshwa pasi hadi kwenye vifungo. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeijua mikono yake masikioni tu, na sasa nilipoiona imeshika glasi ya maji, nilishindwa hata kumwangalia usoni.

Bosi alimweleza habari ya kukata. Mzee akaitikia taratibu. "Nyinyi ndio wenye kazi, mwanangu. Sisi tulikuwa tunapiga tu."

Bosi akaweka wimbo kumwonyesha pa kukatia, kisha akauzima. Lakini vidole vya mzee viliendelea kupiga juu ya goti, bila haraka, kana kwamba wenzake bado wako nyuma yake.

Nikajikaza. "Babu, mbona mlikuwa mnachelewa hivyo kuimba?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, ukumbini walikuwa wanakuja wapelelezi, na kila mtu anawajua. Wimbo unawasema wakubwa waliokula pesa za hospitali, unadhani wangetuacha? Kwa hiyo tunapiga. Tunapiga tena. Wao wanasubiri maneno. Sasa wataandika nini, ngoma? Wakichoka wanatoka kutafuta chai. Mwenzetu wa mlangoni akivua kofia, ndipo tunaimba."

"Na wasipotoka?"

"Kuna siku waligoma kutoka. Mmoja wao akaanza kucheza. Tukapiga mpaka mtu wa tarumbeta akaomba ruhusa ya kwenda msalani."

Bosi alicheka hadi akafuta macho. "Hadithi tamu hiyo, mzee. Tutaiandika nyuma ya jalada." Kisha akachukua simu ampigie mtu wa kiwandani.

Mzee alikuwa bado anatabasamu kwa adabu, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Nikajikuta nimeinuka.

"Bosi, naomba uweke simu chini kwanza."

Akanitazama kama vile kabati limeongea.

"Tusiukate," nilisema. "Nimetaka kusema tangu asubuhi. Ukumbi mzima ulikuwa unajua nani amekaa kati yao, na bado ukasubiri pamoja na bendi. Atakayenunua santuri naye asubiri. Mimi nimesubiri kila asubuhi, na sijawahi kuchoka."